Fremu ya Mama

Mgeta, Morogoro
Agosti 2006

Mdogo wangu Gervas,

Huku ni baridi, na kabichi zimekubali. Mama tulimzika Jumamosi.

Unakumbuka alivyovaa kitenge cha kanisani ili umpige picha ulipokuja likizo? Ulimwonyesha kwenye kimashine chako cha kuhifadhia picha, akakishika kwa mikono miwili, akajicheka. Ukamwahidi kumtumia ya karatasi. Wiki hiyohiyo alishuka mjini kununua fremu, akaitundika ukutani.

Siku aliyofariki nilikupigia simu nikitaka picha ya kutanguliza mbele ya jeneza. Ukaniambia kimashine kilijaa ulipokuwa Mikumi, ukamfuta Mama ili upate nafasi ya tembo. Umemfuta mama yetu kwa ajili ya tembo, Gervas, wala hukuona haya kunitamkia.

Fremu niliibeba mimi, tupu, mbele ya jeneza. Hakuna aliyeniuliza. Kijiji kizima Mama alishakionyesha mahali picha yake itakapokaa.

Nimeirudisha palepale ukutani. Siku ukija utaiona, na usithubutu kuipiga picha.

Dada yako,
Skolastika