Kuzima Injini Mteremkoni

Kaka Magesa, shikamoo. Mguu unasemaje?

Nipo Kisorya nasubiri kivuko, niende kuulizia njia za kisiwani Ukara kabla sijaja kukuchukua. Jua linachoma, na nimekula sato wa kukaanga mpaka vidole vinanukia. Siku hizi petroli inauzwa mezani kwenye chupa za bia, hakuna anayekuuliza kibali kama enzi zile za mgao. Nimekumbuka ramani ya Ukara uliyochora nyuma ya kalenda, na lile dumu la uvunguni tulilojaza petroli kikombe kimoja kimoja. Tulikuwaga tunazima injini ya pikipiki kila mteremko tuokoe mafuta, wewe nyuma unaimba. Dumu lilipojaa ulilitoa lote ili gari limpeleke mama hospitali Musoma, na safari yetu ya Ukara hukuitaja tena.

Leo tangi limejaa, lakini tangu Bunda kila mteremko nimezima. Muuza petroli kaniona naingia kimya, akauliza, "Mzee, pikipiki imekufa?"

"Hapana," nikamwambia, "namsikiliza kaka yangu anavyoimba."

Upone haraka. Kiti cha nyuma nimekiwekea sponji.

Mdogo wako,
Wambura