Kocha Ana Mafua

Marne Hill, Dakota ya Kusini
4 Novemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kifua je, baridi ya huko imeanza kukusumbua? Mimi mwili ni mzima kabisa. Nina hasira tu, na utaiona mwenyewe kadiri unavyosoma.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono. Wakili wa chuo ametuonya kwamba jambo hili tusiliandike kwenye barua pepe wala kwenye simu, kwa sababu siku moja mahakama inaweza kutaka kuyaona yote. Kuhusu kalamu na stempu hakusema kitu.

Kocha Askeland anakunywa. Sisemi bia mbili baada ya mechi. Anaanza asubuhi, na kile kikombe chake cha chuma chenye kifuniko hakijaona kahawa tangu Septemba. Wasichana wote kumi na wawili wanajua. Jumanne alimwita Shelby, nahodha wetu, kwa jina la msichana aliyehitimu miaka sita iliyopita. Wakacheka, naye akacheka. Jumatano hakutokea kabisa mazoezini, nikawaambia ana mafua.

Unajua alivyonitendea. Nilikuwa mfupi, hakuna chuo kilichonitaka, yeye akanichukua, akanifundisha mpira wa kikapu kama vile nilikuwa na urefu wa mlingoti, na nilipohitimu akanipa kazi. Nampenda mzee huyu. Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi wa michezo, Bwana Gantz, nikamwambia Kocha anahitaji matibabu.

Akafunga mlango. "Darla, hili tunalifahamu. Tunalishughulikia."

"Mnalishughulikia vipi?"

"Kwa uangalifu."

Akanituma ofisi ya utumishi. Huko nikapewa kadi yenye namba ya simu ya ushauri, lakini masharti ni apige mwenyewe, kwa hiari yake. Nikarudi kwa Gantz, akanituma kwa wakili, wakili akanirudisha kwa Gantz. Wiki nzima nimepigwa danadana. Ijumaa nikaitwa nikaambiwa hongera, nimepanda cheo, sasa ni kocha msaidizi mwandamizi. Nikauliza kazi mpya ni ipi. Unajua chuo kidogo kama chetu hakina dereva, kocha mkuu ndiye huendesha basi dogo la timu kwenda mechi za ugenini. Basi, kuanzia sasa naendesha mimi. Funguo zikae kwangu, na kila baada ya mechi nimfikishe Kocha mlangoni kwake. Hayo ndiyo matibabu. Timu inashinda, na msimu unaisha Machi. "Tutalitazama Machi," alisema.

Wewe umeacha pombe miaka kumi na tisa sasa. Niambie, mtu anaambiwa nini ndipo asikie?

Mwanao,
Darla

*

Kessler Creek
12 Novemba 2018

Darla mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri theluji kuliko redio. Kifua kizima.

Umeuliza mtu anaambiwa nini. Mimi niliambiwa mengi sana. Mchungaji aliniambia, daktari aliniambia, bibi yako aliniambia huku analia. Niliwasikia wote, na nikitoka hapo naenda kunywa.

Mama yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akipiga simu ghala la nafaka kila nilipolewa. "Milo ana mafua leo." Nilikuwa na mafua miaka sita, Darla. Alinivua viatu, akanipeleka kazini, akanirudisha, na kila mtu mjini akamsifu kwa uvumilivu. Halafu asubuhi moja Februari simu ya ghala ikalia, naye akainua akasema, "Yupo hapa sakafuni. Njooni mmwone." Nikafukuzwa kazi siku ile. Wiki tatu baadaye nikashuka ngazi za kanisa la Kilutheri, kule chini wanakokutana watu walioacha pombe, na bado nakwenda kila Alhamisi.

Sikuelezi nini cha kufanya. Nakuambia tu kwamba cheo walichokupa nakifahamu. Mama yako alikuwa nacho.

Kula vizuri. Unasahau kula msimu ukianza.

Baba yako

*

Marne Hill
15 Desemba 2018

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Samahani kwa kuchelewa kujibu, na samahani pia kwa nitakayoyasema.

Ni rahisi kwako kuketi huko na kunifananisha na Mama. Ulikuwa unapakia mahindi. Huyu ana wasichana kumi na wawili wanaomtegemea, na wanne kati yao wamekuja Marne Hill kwa ajili yake tu. Nikimwaga mchele hadharani katikati ya msimu, timu inavunjika, na atakayelaumiwa ni mimi. Na usisahau, amekaa siku kumi na moja bila kunywa. Nimehesabu. Anawahi, anafundisha kama zamani, jana kwenye basi alitupigia hadithi mpaka Shelby akatokwa machozi kwa kucheka. Tumeshinda mechi nane kati ya tisa.

Huenda Gantz ana akili kuliko sisi wote. Huenda kilichohitajika ni mtu wa kumshika mkono tu.

Krismasi sitaweza kuja, tuna mazoezi.

Mwanao,
Darla

*

Marne Hill
29 Januari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za goti, ila nakuombea.

Jumamosi tulicheza ugenini, maili mia mbili kutoka hapa. Robo ya tatu msichana wetu mmoja aliangukia mkono, mfupa ukavunjika, nikapanda naye gari la wagonjwa. Koti langu likabaki kwenye benchi, funguo za basi zikiwa mfukoni.

Niliyoambiwa ni haya. Mechi ilipoisha Kocha alitoka na funguo mkononi, akiyumba. Akawasha basi akawaambia wapande. Shelby akaketi kwenye ngazi ya mlango, nusu ndani nusu nje, na mlango hauwezi kufungwa mtu akiwa pale.

"Sogea, Shelby."

"Sisogei, Kocha."

"Nimesema sogea. Unataka tulale huku?"

"Tutalala. Lakini wewe huendeshi."

Alimtukana, Baba. Alimwambia hafai, kwamba bila yeye angekuwa anauza soksi dukani kwa mama yake. Shelby alikaa. Mmoja akaketi pembeni yake, halafu mwingine, na waliobaki wakasimama nje kwenye uwanja wa magari, katika baridi inayogandisha kope. Msichana mmoja alimpigia Gantz. Gantz akasema atalifuatilia Jumatatu. Nilipofika kwa teksi kutoka hospitali yalikuwa yamepita karibu masaa mawili, na Kocha alikuwa amelala juu ya usukani. Nikamsogeza kiti cha abiria, nikamfunga mkanda, nikaendesha.

Jumatatu, Gantz alilifuatilia. Alisema tumshukuru Mungu hakuna aliyeumia, kwa hiyo kimsingi hakuna kilichotokea. Kisha akatoa karatasi. Shelby anavuliwa unahodha kwa kumkaidi kocha mbele ya timu. Kocha alikuwa ameshatia saini, Gantz ameshatia, na nafasi ya tatu ilikuwa yangu. Nikasema hii ni dhuluma. Akasema, "Ukikataa itabidi tuulize funguo zilifikaje mikononi mwake."

Nilitia saini, Baba. Msichana wa miaka ishirini na moja alifanya kazi iliyotushinda sisi wote tunaolipwa mshahara, nami nikaweka jina langu chini ya adhabu yake. Leo Kocha hakuja mazoezini. Nilifungua kinywa niwaambie ana mafua, na Shelby akaniangalia tu.

Mwanao,
Darla

*

Kessler Creek
4 Februari 2019

Darla mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Sikukaripii. Umeshajikaripia vya kutosha. Lakini usimwandikie Gantz, usimwendee wakili, usifanye chochote kwanza. Nenda kwa yule binti. Mwambie ulikosea na yeye hakukosea. Usimweleze kwa nini ulitia saini, usilie mbele yake, na usimwombe akusamehe. Mwambie, kisha uondoke.

Sisi walevi hujifunza hilo mapema na hutuchukua miaka kulifanya vizuri. Huna haja ya kuwa mlevi ili likuhusu.

Baba yako

*

Marne Hill
22 Mei 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimenyamaza miezi mitatu na zaidi, najua. Ulipiga simu mara nne, nikaitazama ikilia. Nilikuwa naona aibu. Natumai goti limepata nafuu na bustani imeshapandwa viazi.

Nilikwenda kwa Shelby. Nilisema kama ulivyonielekeza. Akajibu, "Sawa, Kocha," akafunga begi lake. Anahamia chuo kingine. Sikutegemea zaidi ya hapo, lakini bado iliuma.

Machi ikafika, na Gantz akalitazama kama alivyoahidi. Askeland amestaafu "kwa sababu za kiafya". Tulimfanyia karamu. Nyama ya kuchoma, viazi vya kuponda, hotuba, na picha yake kubwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mazoezi. Hakuna aliyesema neno pombe, na mezani pake kulikuwa na divai. Nilimsogezea maji, akanikazia macho kama niliyemtemea mate. Nikaogopa tu kwamba sasa hana hata mtu wa kumpeleka nyumbani.

Sasa sikiliza. Jana simu ya ofisini ililia. Mama mmoja kutoka chuo cha Minnesota, sauti ya upole. Askeland ameomba kazi kwao na wanataka kumchukua. Hii wala haikunishangaza, kwa sababu asubuhi hiyo Gantz alikuwa ametuonya: akiulizwa habari zake mtu yeyote, jibu ni tarehe za kuanza na kumaliza kazi, basi. Ndivyo vyuo vyote hufanya. Ukimsifu mtu akaharibu, wanakushtaki. Ukimponda akakosa kazi, anakushtaki yeye. Kwa hiyo kila mmoja hutaja tarehe na kumsukumia mwenzake mzigo.

Nikasema, "Alianza Agosti 1991, akamaliza Machi 2019."

Akaandika. Nikamsikia akiandika. Akauliza, "Kuna kingine chochote ninachopaswa kujua?"

"Tunaruhusiwa kutaja tarehe tu, mama."

"Naelewa. Sisi pia." Akaongeza, "Ni kwamba chuo chetu ni kidogo. Huku makocha ndio wanaendesha basi."

Baba, nilihisi baridi ya ule uwanja wa magari. Nikamwambia, "Msimpe funguo." Halafu nikamwambia yote, tangu Septemba, pamoja na saini yangu. Alinishukuru kwa sauti ndogo sana akakata simu.

Habari zimeshamfikia Gantz, na leo nimeambiwa mkataba wangu hautahuishwa. Ninapakia masanduku. Nilidhani nitajisikia mwepesi, lakini nina hasira kuliko ile ya Novemba, na sijui niielekeze kwa nani.

Mwanao,
Darla

*

Pruett
3 Septemba 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama na nimezoea. Nafundisha sekondari hapa Pruett, wasichana wadogo wasiojua hata kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Afya nzuri, nakula, usiulize. Na wewe je? Jirani yako ameniambia umeanza kupanda ngazi bila fimbo.

Askeland alinipigia Julai. Alisema, "Wewe nilikulea, Darla. Ungenipiga risasi ingekuwa heshima zaidi." Alikuwa amelewa chakari. Kisha sikusikia tena habari zake mpaka wiki iliyopita, nilipoambiwa ameuza nyumba na amehamia shambani kwa kaka yake, huko Fenwick. Ni maili kumi na mbili kutoka kwako. Mkutano wa karibu naye ni huo wenu wa Alhamisi, hakuna mwingine mpaka ufike mji wa Aberdeen.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Amewahi kuja? Ndiyo au hapana, sihitaji zaidi. Nimemnyang'anya kazi ya mwisho maishani mwake. Nina haki ya kujua kama nilimsaidia au nilimmaliza. Nimechoshwa na watu wanaofunga mlango na kuniambia linashughulikiwa. Wewe usinifanyie hivyo, tafadhali.

Mwanao,
Darla

*

Kessler Creek
9 Septemba 2019

Darla mwanangu,

Marahaba. Ni kweli, fimbo nimeiweka kando, ingawa jirani huyo ana mdomo mrefu. Nimefurahi umepata wasichana wa kufundisha.

Swali lako sitalijibu. Hatusemi nani anashuka ngazi zile na nani hashuki, na hatusemi hata kwa watoto wetu. Nikikuambia leo kwamba hayupo, siku nitakapokaa kimya utajua kwamba yupo. Kwa hiyo nakaa kimya siku zote. Usitafute dalili kwenye barua hii, sikuziweka.

Utasema mimi na Gantz ni wale wale. Sema. Yeye alinyamaza ili chuo kisiguswe, na mtu akazidi kuzama. Mimi nilipofika pale mara ya kwanza nilimkuta mtu ambaye wewe unamsalimia kila Krismasi mpaka leo, na hujui ni nani. Kama majina ya pale yangekuwa yanatoka nje, mimi nisingevua koti siku ile, ningegeuza.

Unataka kujua kama ulimsaidia au ulimmaliza. Hakuna wa kukuambia hilo. Huenda hata yeye hatajua. Mama yako aliposema niko sakafuni, hakuwa na hakika kama ananiokoa au ananizika. Nilimtukana miaka miwili kwa ajili ya simu ile, nikiwa sijaonja tone, na kila jioni aliketi mezani na mtu anayemchukia. Sikuwahi kumuuliza aliwezaje.

Ulimwambia yule mama ukweli, na wasichana wa Minnesota wanasafiri na dereva asiyelewa. Hilo unalijua. Mengine utaishi bila kuyajua, kama sisi.

Njoo Jumapili. Kama bado umenikasirikia, njoo ukasirikie hapa, nitakuwa nimepika.

Baba yako