Chafya Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 17
Kazi: nimemaliza shule, naosha nywele za wateja kwenye saluni ya shangazi
Makazi: chumba cha juu ya saluni
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 16, saa nane mchana

Naanza kwa kukiri jambo ambalo kabla ya leo sijamwambia mtu yeyote. Ile picha ya mtaa wetu, iliyoletwa hapa kituoni kama ushahidi, nimeichora mimi.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tatu na nusu asubuhi, nilikaa dirishani nikaanza kuuchora mtaa kwa rangi juu ya kadibodi. Watu walikuwa wengi na hawatulii, kwa hiyo kila mmoja nilimpa mguso mmoja au miwili ya brashi. Ukiisogelea unaona madoa tu. Ukirudi nyuma hatua tano, madoa yanaanza kutembea.

Niliiacha kwenye ngazi ikauke. Shangazi akadhani imesahauliwa na mpangaji aliyehama, akaitundika saluni. Wateja wakaanza kubishana. Mmoja alisema mchoraji ni mtu mzima aliyesoma sana, mwingine akasema ni mtu aliyepoteza miwani. Mimi niliendelea kuosha nywele, ila shangazi aliniuliza mbona nalichekea sinki.

Jana saa kumi jioni aliingia muuza vitambaa wa duka la mkabala. Jora lake jekundu lilikuwa limepotea tangu Jumamosi. Aliweka kidole katikati ya picha, akasema, "Huyu hapa. Kofia ya kijani, jora begani, anatimua mbio." Mwenye kofia ya kijani mtaani kwetu ni mmoja tu, fundi viatu tunayemwita Babu Gundi. Ndiye aliyenishonea viatu vya shule miaka yote minne. Kusema kungenitaja kuwa mchoraji, nikaendelea kusuuza nywele. Muuza vitambaa akaondoka na picha.

Leo asubuhi nilimwona Babu Gundi akiletwa hapa, kofia mkononi. Nikavua aproni nikaja.

Afande alinitaka niieleze picha mbele ya Babu Gundi na muuza vitambaa.  Nikaeleza kwamba doa la kijani ni Babu Gundi, ameinamia kiatu, na hakuinuka muda wote niliochora. Mstari mwekundu begani kwake si jora.

Muuza vitambaa akauliza, "Sasa ni nini, binti?"

Nikasema, "Ni chafya yangu."

Afande akauliza brashi ilikuwa ikipaka nini chafya iliponijia. Nikamwonyesha mstari mfupi juu ya mlango wa duka. Hilo ndilo jora. Saa nne kamili muuza vitambaa alilirusha juu ya turubai la mlangoni ili apige deki. Aliye barabarani halioni. Mimi wa juu naliona mpaka leo, na mpaka jana nilidhani kaliweka makusudi. Nilikuwa nalipaka nilipopiga chafya, brashi ikaruka hadi kwa Babu Gundi.

Muuza vitambaa alijishika kichwa, akaomba radhi. Babu Gundi alicheka mpaka benchi likalia. Akasema, "Mwenzangu, karibu nifungwe kwa mafua ya mtoto."

Nimesema yote niliyoyaona na niliyoyachora, na ni kweli. Hao wawili wameahidi kunyamaza. Nawe utakayesoma karatasi hii, tafadhali, shangazi asijue mchoraji ni nani. Wateja bado wanabishana, na napenda sana kuwasikiliza.

Saini ya shahidi: (herufi moja, ndogo)

Maoni ya afisa: Jora limekutwa juu ya turubai saa tisa na robo. Fundi viatu ameachiwa. Picha imerudishwa ukutani. Shahidi amesomewa maelezo haya kwa sauti ya chini, kama alivyoomba.