Watu Tisa na Jicho Moja la Fundi

Mpendwa mshauri,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba suruali ya mkuu wa shule imetoka kwenye cherehani yangu mguu mmoja ukiwa mfupi. Marehemu ni sifa yangu ya miaka thelathini.

Naomba msaada. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, daktari amesema nipasuliwe mapema, nami nilishakubali, hadi nilipofika nyumbani mke wangu akasema, "Baba watoto, kaka wa mtu mmoja wa gazetini alipasuliwa hivyohivyo akatoka kipofu," basi nikamuuliza shemeji, naye kasikia, muuza vifungo naye kasikia, kinyozi akaongeza kwamba yule mtu alitokwa machozi meusi, nikafikisha watu tisa, habari ni hiyohiyo, na kama ni kura daktari ameshaanguka, ila sasa binti yangu ndiye anayenitungia uzi huku akinicheka, "Baba, iko siku utashona kidole ukidhani ni pindo." Nimsikilize nani?

Fundi nisiyeuona uzi

*

Ndugu fundi,

Pole kwa suruali. Lakini wewe, mtu mzima, jicho lako unalipigia kura? Hukuuliza watu tisa. Umeuliza habari moja mara tisa. Hebu warudie: "Wewe ulimwona mwenyewe?" Na huyo daktari unayemhesabu mmoja, amewaona wangapi waliopasuliwa? Ukitaka kujua urefu wa kitambaa huulizi wapita njia, unachukua futi.

Rudi kliniki wiki hii. Muulize kati ya wagonjwa wake wangapi walipata matatizo, matatizo gani, na ukichelewa itakuwaje. Nenda na binti yako, aandike majibu. Kisha amua kwa hayo, uchukue tarehe ya kupasuliwa. Suruali za watu ziache kwanza.

Sasa niseme langu, maana nimekugombeza vya kutosha. Huyo mtu wa gazetini ni mimi. Miaka minne iliyopita niliandika hapahapa kwamba kaka yangu katoka hospitali haoni, namwongoza kwa mkono. Ni kweli hakuona: jicho lililopasuliwa lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili, nalo lenye mtoto wa jicho, lilikuwa bado linangoja zamu yake. Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mdogo wangu, kumbe umezeeka hivyo?"

Hilo sikuliandika.