Okidi Yako Sikuizika

Mdogo wangu mpendwa, uliyeingia msituni hujatoka,

Jumamosi tumekuzika. Yaani tumezika shina la mgomba, kwa sababu wewe mwenyewe hatukukupata. Wazee wa nyumbani walisema mtu aliyepotea miaka yote hii lazima azikiwe mgomba, la sivyo roho yake itazurura.

Unakumbuka likizo zetu kwa nyanya, Kakamega? Wenzetu wakicheza mpira, wewe unaniburuta msituni kutafuta ile okidi nyeupe aliyotusimulia nyanya, ua linaloota juu ya miti, ambalo yeye aliliona mara moja tu akiwa msichana. Mchana hainukii kabisa, hunukia jioni tu. Kwa hiyo tulikaa chini ya miti kungoja jioni, siafu wakitula miguu. "Dada, acha kupumua kwa nguvu, unanimalizia harufu!" Mjinga wewe! Nilicheka hadi ndege wakaruka. Hatukuiona hata siku moja.

Ukakua, ukaanza kuuza miche na okidi za kawaida kando ya barabara hapa mjini Makadara, na bado ulikuwa unafunga kibanda kwenda kuitafuta. Safari ile ya mwisho ulikwenda peke yako. Baba mkubwa akaja na mfuko wako tu, ambao watu waliokutafuta waliuokota chini ya mti. Ndani, imezungushiwa shati lako lililoloa maji, ilikuwa okidi. Uliipata, wewe! Uliipata, halafu ukaenda wapi?

Niliifunga kwenye kipande cha gogo, nikaitundika dirishani. Ikichanua, jioni harufu inajaa nyumba nzima, nami najikuta nimetega sikio mlangoni. Kuna siku nimekupakulia ugali bila kufikiri, nikaufunika. Wateja wako bado wananisimamisha: "Niaje, siz. Bro wako bado?" Nawajibu bado. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa siku nitakayojibu kitu kingine.

Jumamosi nilikwenda nayo nyumbani kijijini, kwenye maziko. Baba mkubwa akasema, "Iweke humo kaburini, ndicho kitu cha mwisho alichoshika." Watu wote wakaniangalia. Nikakusikia kabisa, vile ulivyokuwa ukiwafokea wateja: "Ukiifukia kwenye udongo, umeiua!"

"Mgomba fukieni," nikasema. "Hii hapana."

Nilidhani Mama atanigombeza mbele za watu. Badala yake alivua kitambaa chake cha kichwa, akakichana vipande, akanishikia gogo nikalifunga kwenye mparachichi ulio langoni. Alikaza mafundo mwenyewe, moja baada ya jingine.

Wazee wanasema sasa umepumzika. Sawa, waache waseme. Mimi na Mama lango hatufungi.

Njoo jioni. Njia ukiwa umeisahau, simama tu, nusa, ufuate harufu.

Dada yako,
ambaye siku hizi hapumui kwa nguvu.