Vikomo vya Kompyuta na Mitungi ya Susu

Kijiji cha Kamuveleni,
S.L.P. 63,
Nuu.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kathini,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huko Halifax baridi imepungua? Ulituambia goti linakusumbua. Natumaini sasa unapanda ngazi bila kulalamika. Sisi tu wazima. Susu, mama yako, ana kikohozi kidogo, lakini sauti yake iko palepale.

Ile kompyuta kubwa uliyoituma shuleni kwetu bado ipo. Skrini kumi na mbili zimeunganishwa nayo, nasi sote tunakula kutoka sufuria moja, kama ulivyotueleza. Shida ni kwamba mwanafunzi mmoja akichota kupita kiasi, wote tunakwama. Muhula huu imekwama mara tano. Mwalimu mkuu, Bi. Wayua, alisema ikikwama mara ya sita, chumba kitakuwa stoo ya mahindi na maharagwe. Hakuwa anatania. Magunia mawili yaliletwa mapema, yakaegemezwa mlangoni kusubiri.

Nilihuzunika sana, shangazi, kwa sababu sina mahali pengine pa kujifunzia kazi ya kompyuta kama yako.

Basi Mwalimu Kiilu, anayetufundisha kompyuta, akanipa kazi ya kuandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu vikomo, yaani kiasi ambacho mfumo wa kompyuta unairuhusu programu itumie inapokuwa kazini. Programu iliyo kazini huitwa mchakato. Niliandika kurasa nne kwa mwandiko mzuri. Nilieleza kwamba kuna kikomo ambacho mtumiaji anaweza kujiongezea, na juu yake kuna kingine ambacho ni msimamizi tu anayeweza kukipandisha. Mwishoni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba kila mchakato ukipimiwa sehemu yake ya kumbukumbu ya kompyuta, mashine haitakwama tena.

Jumatano tuliujaribu mwongozo wangu. Rafiki yangu Nusaiba aliandika programu ndogo ya kujizidisha. Mashine ilikwama kabla hajaondoa kidole.

"Nusaiba, umefungua nini?" Mwalimu Kiilu akauliza.

"Moja tu, mwalimu. Hizo zingine imezaa yenyewe."

"Imezaa ngapi?"

"Sikuwa nimemaliza kuhesabu."

Kila mtoto wa ile programu alikuwa ametii kikomo changu. Kwa bahati Bi. Wayua hakuwepo. Mwalimu Kiilu alisema hilo lilikuwa jaribio, na jaribio halihesabiwi, lakini hakuonekana kuwa na uhakika. Mwalimu mkuu alikuwa amepanga kuja kutukagua Ijumaa.

Jioni hiyo Susu alitupeleka kisimani. Unajua kiangazi kimeanza, na kamati imeamua kila aliye kwenye foleni achote mitungi minne. Susu alikuja na sisi wajukuu wote saba tulio hapa, hata Muli wa miaka mitatu, bila kujihesabu yeye mwenyewe. Mzee Mbaluka, anayeshika ufunguo wa bomba, akatuhesabu mara mbili.

"Mama Kathini, mitungi ishirini na minane ni ya nini?"

"Kwani umeona nani amezidisha? Kila mtoto ana minne yake."

"Huyu mdogo hata kikombe hawezi kubeba."

"Hajakuja kubeba. Amekuja kupanga laini."

Tulichota yote. Waliokuwa nyuma yetu walikuta bomba linatoa hewa. Kesho yake kamati ikabadilisha sheria: sasa wanahesabu kwa boma, si kwa kichwa. Susu bado hajawasamehe. Lakini mimi niliposikia, nilikimbia shuleni hata bila chai. Nilikuwa nimeupimia kila mchakato, wakati nilipaswa pia kuhesabu michakato yote ya mtumiaji mmoja. Nikaongeza ukurasa wa tano, na ili ueleweke nikatoa mfano wa bibi mmoja mwenye wajukuu saba. Mwalimu Kiilu akakiweka kikomo hicho kwenye mashine: michakato sitini kwa kila mtumiaji.

Ijumaa Bi. Wayua alisoma mwongozo wote akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tano, akavua miwani.

"Huyu bibi namjua. Nilikuwa nyuma yake. Nilirudi nyumbani na mitungi mitupu."

Nilitazama sakafu. Akamwambia Nusaiba ajaribu kuikwamisha mashine. Programu ilizaa, ikazaa, ilipofika michakato sitini ikakataliwa. Skrini nyingine kumi na moja ziliendelea kama kawaida. Nusaiba alijaribu tena, kwa bidii niliyoiona ni ya kupita kiasi kwa rafiki.

"Angalau kuna kitu kimoja hapa shuleni kinachojua kukataa," akasema Bi. Wayua. Magunia yakapelekwa ofisini kwake. Kisha akauliza kama yeye akifunguliwa akaunti atawekewa kikomo. Mwalimu Kiilu alinitazama mimi. Nikajibu kwa adabu kwamba ndiyo, sitini, kama sisi.

Bi. Wayua akavaa tena miwani. "Sawa. Niandikie hiyo sitini."

Nimeambatisha nakala ya mwongozo. Mwalimu Kiilu anasema wanaoutengeneza mfumo huu hupokea kurasa kutoka kwa mtu yeyote, na kwamba yeye hajaona ukurasa wa Kiswahili kuhusu jambo hili. Tafadhali usome na usahihishe bila huruma. Usipofaa nitauandika upya. Ukifaa, niambie mahali pa kuutuma.

Nisalimie Mjomba Idris na Yvonne mdogo. Baba na Mama wanakusalimu, na Susu anasema ule vizuri. Mungu alilinde goti lako na akufungulie njia ya kuja Desemba.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda daima,

Nzilani