Mstari Huu Siubandui

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mlango wa karakana nimeufunga kwa ndani, na kabla hujaniambia nikapige magoti niombe msamaha nakuomba unisome mpaka mwisho, maana ushauri wa magoti nimeshapewa na mume wangu, nimepewa na wifi yangu kwa simu, na hata mwenye duka la misumari hapo jirani, ambaye hakuulizwa na mtu, naye amechangia.

Mimi ni fundi wa stika kwenye karakana ya boti ya baba mkwe wangu. Kabla sijaolewa nilikuwa nabandika maandishi kwenye vioo vya maduka na milango ya magari, nikaingia kwenye familia hii nikakuta boti zinatoka imara lakini zimevaa vibaya, nikaomba kazi ya mapambo, na huu ni mwaka wa tisa kila mstari na kila namba ya boti za hapa inapita mikononi mwangu, ingawa katika miaka yote hiyo mzee hajawahi hata siku moja kuniambia kazi nzuri. Boti moja tu sijawahi kuigusa. Ni boti yake ya kwanza, aliyoijenga mwenyewe kabla mume wangu hajaota ndevu, ya bluu, yenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni alioubandika kwa mkono wake, na ndiyo mume wangu anayovushia abiria. Mstari ule ukiupangusa kwa kitambaa kigumu tu, ni kesi ya wiki nzima.

Sasa mwezi uliopita mume wangu, nahodha mwenye maneno mengi, aliingia gatini uso umeangalia nyuma akibishana na abiria, akauburuza ubavu wa kulia kwenye nguzo, mstari ukachanika mita moja na nusu ukawa unaning'inia. Akaja kwangu anatembea kwa ncha za vidole, akasema, "Mke wangu, weka kiraka hapo kabla mzee hajaona." Nikamwambia kiraka kipya karibu na stika iliyokaa juani miaka yote hiyo kitapiga kelele kuliko huo mchaniko, na isitoshe mstari wenyewe umeshakauka, ukiugusa kwa ukucha unamomonyoka, kwa hiyo ni kutoa wote pande zote mbili na kuweka mwingine. Akasema, "Fanya unavyojua." Mshauri, maneno hayo yashike, kwa sababu leo anasema hayakumbuki.

Mzee alikuwa amekwenda kutibiwa macho, anakaa kwa wifi yangu siku nne. Tukaipandisha boti uwanjani. Siku ya kwanza ubavu wa kulia, siku ya pili wa kushoto, nilipasha ule mstari moto kwa drayari ya nywele taratibu, nikawa naunyanyua kwa plastiki bapa nisije nikakwaruza rangi, maana ukiuvuta ukiwa baridi unakatika vipande vipande na gundi yote inabaki, kisha gundi nikailainisha kwa mafuta ya taa na kuosha kwa sabuni, vidole vyote vikanichubuka, na mume wangu akipita anauliza, "Bado tu?"

Mstari ulipotoka ndipo nikaona kilichokuwa chini yake. Bluu ile ilikuwa haijawahi kuona jua, imekolea kama siku iliyopakwa, na bluu ya jirani yake imepauka, kwa hiyo ubavuni ukabaki mkanda wa rangi nzito, sisi mafundi tunauita kivuli. Kivuli hakikunishangaza, kila stika ya zamani huacha kivuli. Kilichonishangaza ni kile futi yangu ya kupimia ilichonionyesha. Nilipima kutoka ukingo wa juu, nyuma ni sentimita ishirini na nane, mbele ni kumi na tisa, nikadhani nimekosea, nikapima tena, nikaenda ubavu wa pili, vilevile. Nikakaa chini nikafikiri mpaka nikaelewa. Uwanja wetu unateremka kuelekea majini na boti hukaa pua ikiangalia maji, na mzee siku ile aliweka pima maji ubavuni, kiputo kikakaa katikati, akaamini. Mstari ulinyooka kwa pima maji lakini boti yenyewe ilikuwa imeinama, kwa hiyo iliposhuka majini mstari ukawa unapanda mbele. Na familia nzima imekua ikisimulia kwamba mzee aliupandisha makusudi ili boti ionekane inaruka!

Ningefanya nini, mshauri? Nirudie kosa ninalolijua? Niliweka ishirini na tatu nyuma, ishirini na tatu katikati, ishirini na tatu mbele, nikanyunyiza maji ya sabuni, nikaulaza mstari mpya bila kuuvuta, kwa sababu ukiuvuta leo kesho unajikunja, nikakamua maji kutoka katikati kwenda pembeni, na sijawahi kubandika mstari ukanyooka vile. Ni kweli kivuli cha zamani kilibaki kinaonekana, kinaukata mstari wangu katikati, kimoja kinapanda na kingine kimelala. Kivuli kile huondoka ukiisugua bluu iliyopauka ya jirani mpaka ikolee kama chenyewe, na dawa ya kusugulia tunayo kopo zima, ila sikuwa na muda, siku ya tatu nilibandika na siku ya nne niliosha boti, nikakata nembo yangu, jani dogo, nikaibandika nyuma chini ya mstari, nikapiga picha. Boti ikashushwa majini.

Mzee akarudi na miwani mipya. Akaja gatini moja kwa moja, mume wangu ndiyo kwanza anashusha abiria, na mmoja wao akasema, "Mzee, siku hizi boti yako ina mkasi ubavuni." Watu wakacheka. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akainama akapima kwa shibiri, nyuma kisha mbele.

"Nani amepima?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Basi nikasema, na sauti sikuishusha, "Baba, boti hiyo inaelea, iangalie mwenyewe. Mstari wako ulikuwa umepinda tangu siku ya kwanza."

Mzee akauliza, "Miaka yote hii mimi ndiye nilikuwa sioni, au nyinyi ndio mlikuwa hamsemi?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Urudishe ulipokuwa. Ufuate kivuli. Ijumaa mstari usipokuwa umerudi, niletee funguo za karakana, ukae nyumbani." Tangu siku hiyo hajakanyaga gatini, anakaa uwanjani ameyapa maji mgongo.

Mume wangu anasema kubali yaishe. Wifi yangu anasema nimemvua nguo baba yake mbele za watu. Mimi nasema siubandui. Mkono huu umejifunza kunyoosha, hauwezi kuambiwa upinde eti kwa heshima, na nikiupinda leo basi kila mstari nitakaobandika humu ndani itabidi kwanza niulize nani atanuna. Lakini karakana hii ndiyo maisha yangu, mshauri, na Ijumaa ni keshokutwa. Je, nisimame hapa nilipo mpaka nipokonywe funguo, au kuna njia ambayo mimi siioni?

Ni mimi, fundi wa mistari, na si mkwe wa fundi.

*

Fundi,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikushangilia mpaka jirani yangu wa meza akauliza kuna nini. Mara ya pili nikakuta mahali ulipopita mbiombio, na hapo tutarudi, usidhani umeponyoka.

Kwanza jibu lako, maana najua macho yanalitafuta. Usiubandue. Usiusogeze hata kwa upana wa kidole. Kazi sahihi haiombewi msamaha, na mtu akikwambia uipinde ili nyumba ipate amani, muulize amani hiyo itadumu mpaka boti ya ngapi. Magoti yako yapumzike. Na huyo wa misumari mwambie auze misumari.

Pili, mumeo. Huyu bwana alichana mstari kwa kuangalia nyuma, akakutuma uufiche, akakupa ruhusa, na baba yake alipouliza ruhusa ni ya nani akashughulika na kamba. Leo kabla hajaondoa boti, simama naye ana kwa ana na umwambie hivi: utakwenda kwa baba, utamwambia ni wewe uliyechana, na ni wewe uliyesema fanya unavyojua. Usimsindikize. Ana mdomo wa kubishana na abiria, autumie na nyumbani.

Sasa turudi pale ulipokimbia. Umesema hukuwa na muda wa kusugua. Fundi, mimi nimehesabu siku zako kwa vidole. Siku ya nne uliosha boti, ukakata jani, ukabandika jani, ukapiga picha. Kopo la dawa lilikuwa limejaa, unasema mwenyewe, na mtu wa miaka tisa kazini anajua kwamba ubavu husuguliwa kabla mstari mpya haujakaa. Mwanafunzi wa wiki mbili ungemfukuza kwa kosa hilo. Wewe hukukosea. Ulikiacha kivuli ili watu waone. Ulitaka kila anayepanda ile boti asome ubavuni kwamba mzee alipinda na wewe umenyoosha, na walipocheka, hebu sema kweli, moyo wako haukucheka nao hata kidogo?

Sikulaumu kwa kuumia. Miaka tisa bila kuambiwa kazi nzuri, mimi ningekuwa nimeshatupa ndoo. Lakini kuumia huko ungempelekea yeye, kwa mdomo, uwanjani. Ulisubiri awe mbali kwa daktari wa macho, ukafanya kazi ambayo unajua ni bora kuliko zote ulizowahi kufanya, na ukaifanya kwa kunyatia. Kwa nini kazi unayoona fahari nayo ulimficha mtu wa kwanza aliyepaswa kuiona? Hapo ulijishusha mwenyewe, hakukushusha mtu.

Na kuna jambo lingine hukulisikia. Mzee aliuliza swali. Aliuliza kama ni yeye aliyekuwa haoni au ni nyinyi mliokuwa hamsemi, na gati zima likanyamaza. Jibu lake unalo wewe. Watoto wake waliuona ule mstari unapanda, wakaogopa kusema, wakatunga hadithi ya boti inayoruka. Nyumba hiyo haijawahi kumpima. Wewe ndiye wa kwanza uliyechukua futi ukaichukulia kazi yake kama kazi ya fundi mwenzako, na mimi naona hiyo ni heshima kubwa kuliko hadithi zote za wifi yako. Ila heshima hiyo uliitoa kwa ukali na mbele za abiria, kwa hiyo yeye amebaki na ukali tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi boti isivushe mtu, ipandishwe uwanjani, pale pale mzee anapokaa. Funika mstari wako kwa mkanda wa karatasi, juu na chini, usije ukaula kwa dawa. Fungua kopo. Anza kusugua ile bluu iliyopauka, mbele za macho yake, mchana kweupe, na miwani yake puani. Usiite mtu akusaidie. Akiagiza ubandue, weka ile plastiki bapa karibu na mguu wake na umwambie, kwa sauti ya kawaida, "Baba, mkono wangu hautaubandua. Wako ukitaka, boti ni yako." Hatabandua, nakuhakikishia, mtu aliyepima kwa shibiri mara mbili alishapata jibu lake pale gatini. Na kama nitakuwa nimekosea akaubandua, basi muache, na wewe usiubandike uliopinda. Hiyo nayo iwe kazi yake.

Funguo zitundike kwenye msumari wake, usizifiche na usizikabidhi kwa machozi. Akizichukua Ijumaa, chukua drayari yako na futi yako uondoke kichwa juu, kwa sababu vioo vya maduka bado vipo na ulikuwa fundi kabla ya boti. Lakini usiondoke ukiacha kivuli kile ubavuni. Mtu mwingine asije akafundishwa kazi kwa kuoneshwa aibu ya mzee wako.

Na atakuuliza, maana wazee wa aina hiyo hawawezi kukaa kimya mbele ya mtu anayesugua. Atakuuliza mbona umekataa kubandua lakini umekubali kusugua. Mwambie ukweli wote bila kupaka mafuta: "Mstari niliunyoosha kwa sababu mimi ni fundi, baba, na siujutii. Kivuli nilikiacha kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na hicho nimekuja kukiondoa." Ukishasema, usisimame kusubiri uso wake ulainike. Chovya kitambaa kwenye dawa uhamie ubavu wa kushoto.